Tetemeko Lilianzia Wapi? Habari ya Kisiwa cha Mayotte na Maji Moto ya Kisaki

Mama mmoja wa darasa letu hapa Kisaki aliuza mbuzi wanne kwa bei ya kutupa. Hakuwa na mgonjwa, wala hakuwa na deni. Aliuza kwa sababu mpita njia mmoja alimwambia kuwa ardhi ya Kisaki itapasuka. Ati kule kisiwani Mayotte nchi ilitetemeka, halafu mlima wa moto ukazaliwa baharini. Na hapa Kisaki tuna maji moto yanayotoka ardhini. Basi, alisema yule mtu, zamu yenu inakuja. Alipomaliza kusema hayo akaulizia bei ya mbuzi.

Habari hiyo ilipoletwa darasani, wengine walicheka. Mama hakucheka. Mzee mmoja naye hakucheka, akauliza: "Mwalimu, wewe unajuaje kwamba haitapasuka? Umeingia huko chini?"

Swali hilo ni zuri. Sisi hatujaingia huko chini, na hakuna mtu aliyeingia. Tena maneno ya yule mpita njia si uongo mtupu. Mayotte ilitetemeka kweli. Mlima ulizaliwa kweli. Maji moto ya Kisaki yapo, na kila mtu hapa anayajua. Uongo uko pale alipoziunganisha habari hizi tatu kana kwamba ni habari moja. Ili kuzitenganisha, yatupasa kujua jinsi wataalamu wanavyotafuta mahali tetemeko linapoanzia. Twende polepole.

MAYOTTE IKO WAPI

Ukisimama pwani ya Mtwara na kutazama upande wa mashariki, mbele yako baharini kuna visiwa vya Komoro. Ni visiwa vinne vikubwa: Ngazidja, Nzwani, Mwali na Maore. Hicho cha mwisho ndicho Wafaransa wanachokiita Mayotte. Visiwa vitatu vya kwanza ni nchi ya Komoro. Mayotte imebaki chini ya Ufaransa. Wenyeji wengi ni Waislamu, na lugha yao, Shimaore, ni jamaa ya Kiswahili. Ukisikiliza kwa makini unaokota neno hapa na neno pale.

Visiwa vyote hivyo vilijengwa na volkeno, yaani milima inayotoa moto na mawe yaliyoyeyuka. Kule Ngazidja mlima Karthala uko hai hata sasa. Mwaka 2005 ulitoa majivu mengi yaliyoanguka vijijini na kuharibu maji ya kunywa. Lakini Mayotte watu walizoea kukiona kisiwa chao kama mzee aliyestaafu. Ni kisiwa cha kale, kimelika, na kimezungukwa na miamba ya matumbawe. Hakuna aliyekuwa akiwaza moto.

Kutoka Kisaki hadi Mayotte, ukipita moja kwa moja angani, ni kilomita kama elfu moja.

Tarehe 10 Mei, 2018 nchi ilianza kutikisika kule. Siku tano baadaye, tarehe 15 Mei, saa 12:48 jioni, lilipiga tetemeko kubwa kuliko yote, la ukubwa wa 5.9. Ilikuwa siku chache tu kabla ya mfungo wa Ramadhani. Kuta zilipata nyufa, na watu wengi wakatoa mikeka na kulala nje. Hata hivyo, shida yao kubwa haikuwa tetemeko lile moja. Ni kwamba nchi haikutulia. Tetemeko lilifuata tetemeko, siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi. Jaribu kufikiri unalala kila usiku bila kujua kama ukuta utakuwa umesimama asubuhi. Watu walitaka kujibiwa swali moja: hiki kitu kinatoka wapi? Na kwa muda mrefu hawakupata jibu la kuwatosha. Palipokosekana jibu, uvumi ulijaa, kama ulivyojaa hapa kwetu.

UMEME NA NGURUMO

Sasa tuone namna ya kutafuta. Kila mkulima amewahi kuona umeme wa radi kabla ya kusikia ngurumo. Vyote viwili vimetoka mahali pamoja na wakati mmoja. Mwanga una mbio sana, sauti inachelewa. Ukihesabu sekunde tangu uone mwanga hadi usikie ngurumo, ukagawanya kwa 3, unapata kilomita. Sekunde 6, radi iko kilomita 2 kutoka ulipo. Sekunde 15, iko kilomita 5.

Watu wa Kisaki wana mfano mwingine, nao ni reli ya TAZARA. Treni ikiwa bado mbali, chuma cha reli huanza kulia kabla ya sauti ya treni kufika kwa njia ya hewa. Sauti hukimbia ndani ya chuma kuliko ndani ya hewa. (Hatusemi mkaweke masikio relini! Simameni pembeni.)

Tetemeko nalo hutuma wajumbe wawili. Mwamba ukivunjika huko chini, yanatoka mawimbi ya namna mbili. Wimbi la kwanza linasukuma na kuvuta, kama mabehewa yanayogongana treni inapoondoka stesheni. Hilo lina mbio, hupita ndani ya mwamba wa kawaida kwa mwendo wa kilomita kama 6 kwa sekunde moja. Wimbi la pili linatikisa kando kwa kando, kama kamba unayoipeperusha mkononi. Hilo ni zito kidogo, kilomita kama 3 na nusu kwa sekunde. Mtu aliyewahi kupatwa na tetemeko la karibu atakwambia: kwanza kulikuwa na mshtuko au muungurumo, kisha ndipo nyumba ikaanza kuyumba. Aliwasikia wajumbe wote wawili.

Ipo mashine inayowapokea wajumbe hao. Inaitwa seismografu. Kazi yake ni kuandika mtikisiko wa ardhi, hata ule mdogo ambao mtu hausikii. Inaandika saa kamili wimbi la kwanza lilipofika, na saa kamili la pili lilipofika. Mtaalamu anatoa hesabu: la pili limechelewa sekunde ngapi? Kisha anazidisha kwa 8. Jibu ni kilomita, kwa makadirio. Wimbi la pili likichelewa sekunde 10, tetemeko liko mbali kilomita kama 80.

Hesabu hii ni ya kuzidisha tu, ile mliyoifanya katika kitabu cha pili. Mtu asiseme ni ya wazungu.

KAMBA TATU

Lakini umbali peke yake hautoshi. Nikikwambia mbuzi wangu amefungwa kamba ya hatua kumi kwenye mti, utajua majani yote anayoweza kuyafikia, yaani duara zima kuuzunguka mti. Hutajua amesimama upande gani. Mashine moja ni kama mti huo. Inasema tetemeko liko kilomita 80, haisemi kusini au kaskazini.

Ndiyo maana zinatakiwa mashine tatu au zaidi. Sisi tulifanya zoezi hili kwenye uwanja, na kila darasa linaweza kulifanya. Chukueni mambo matatu, mguso wa nne hauhitajiki: kamba, vijiti vitatu, na tepu ya fundi cherehani. Kilomita moja iwe sentimita moja.

Kijiti cha kwanza ni Kisaki. Sentimita 70 kuelekea kaskazini, simikeni kijiti cha Morogoro mjini. Kijiti cha tatu ni Dar es Salaam, upande wa mashariki: sentimita 180 kutoka Morogoro, na sentimita 200 kutoka Kisaki. Sasa tuseme, kwa mfano tu, nchi imetikisika, na katika kila mji kuna mashine. Mashine ya Kisaki inaonyesha wimbi la pili limechelewa sekunde 18. Ile ya Dar es Salaam, sekunde 18 vilevile. Ile ya Morogoro, sekunde 22.

Zidisheni kwa 8. Kisaki, 144. Dar es Salaam, 144. Morogoro, 176.

Fungeni kamba ya sentimita 144 kwenye kijiti cha Kisaki, mzunguke nayo mkichora duara mchangani. Fanyeni hivyo hivyo Dar es Salaam. Mtaona duara hizi mbili zinakatana mahali pawili: pamoja upande wa kaskazini, kuelekea Mto Wami, na pengine kusini, karibu na Utete. Hapo darasa letu liligawanyika, wengine wanasema Wami, wengine Utete, kelele tupu. Kisha tukachora duara la tatu kutoka Morogoro, kwa kamba ya sentimita 176. Likapita karibu kabisa na Utete, na Wami likaiacha mbali. Ubishi ukaisha bila mtu yeyote kupiga meza.

Mama wa mbuzi ndiye aliyeshika kamba hiyo ya tatu.

Kuna jambo moja zaidi. Tetemeko haliko juu ya ardhi, liko chini. Kamba kwa kweli imevutwa kwa kwenda mbele na kwa kwenda chini pia, kama kamba ya ndoo ukiwa umesimama mbali na mdomo wa kisima. Kwa hiyo wataalamu hutafuta kina pia. Na tena hutazama mwanzo kabisa wa wimbi la kwanza. Katika mashine nyingine ardhi imeanza kwa kusukumwa, katika nyingine imeanza kwa kuvutwa. Wakilinganisha, wanajua mwamba ulivunjika namna gani: umepanuka, umebanwa, au pande mbili zimepishana kama watu wawili wanaopita kwenye mlango mwembamba. Lile tetemeko kubwa la Mayotte lilikuwa la namna hii ya mwisho, la kupishana.

KWA NINI MAYOTTE ILIKUWA TABU

Ikiwa kazi ni rahisi hivyo, mbona wataalamu walichelewa?

Rudini uwanjani. Ng'oeni vijiti vyote vitatu, mvisimike pamoja pale Kisaki, kimoja hapa, kingine shubiri moja pembeni. Sasa choreni duara za tetemeko la Utete. Mtaona zinalaliana, karibu zifuatane mstari mmoja. Zinakatana wapi? Mmoja ataonyesha hapa, mwingine atasogea shubiri mbili. Ukikosea sekunde moja tu, jibu linahama sana.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mayotte ni kisiwa kidogo, na mashine zake mwaka 2018 zilikuwa chache. Tetemeko lilikuwa mashariki ya kisiwa, chini ya bahari. Upande wa pili wa tetemeko hapakuwa na ardhi ya kusimika kijiti. Ni maji tu. Wataalamu walijua kwamba ni baharini, mashariki, na ni chini sana. Zaidi ya hapo walikuwa wanakisia.

Basi wakatafuta ushahidi mwingine. Kisiwani kulikuwa na vyombo vya kupokea ishara za setilaiti, vinavyoweza kujua kama ardhi imesogea hata kidogo. Kuanzia katikati ya mwaka 2018 vyombo hivyo vilionyesha jambo la ajabu: kisiwa kizima kilikuwa kinasogea kuelekea mashariki, na kinazama. Mwendo ulikuwa mdogo. Kwa muda wa kama mwaka mmoja kilizama kwa zaidi ya sentimita 10. Macho ya mtu hayaoni hilo. Lakini fikiri juu ya maana yake. Ukifungua gunia la mahindi kwa chini, mahindi yakamwagika, juu ya gunia patabonyea. Kisiwa kinabonyea kuelekea mashariki. Je, ni nini kinachomwagika huko mashariki?

Halafu tarehe 11 Novemba, 2018 dunia ikavuma. Tunasema dunia na tuna maana ya dunia. Mtikisiko wa pole sana, unaokwenda na kurudi mara moja kila sekunde kama 17, uliandikwa na mashine za Afrika, na hata za mbali sana kama Kanada na Hawaii. Ulidumu zaidi ya dakika ishirini. Hapakuwa na mtu hata mmoja duniani aliyeusikia mwilini. Wataalamu walizoea kuona matetemeko yanayopiga kwa kishindo na kutulia. Hili lilivuma kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Walipofuata duara zao, zote zilirudi kwenye maji ya mashariki ya Mayotte. Baadaye walieleza kwamba mlio ule ulitokana na hazina kubwa ya mawe yaliyoyeyuka huko chini, iliyotikiswa wakati inajimwaga. Chupa tupu na chupa iliyojaa hazitoi mlio sawa, mnajua wenyewe.

Mwezi Februari 2019 ikapatikana dawa ya vijiti. Mashine zilishushwa kutoka melini hadi chini kabisa ya bahari, zikakaa huko zikiandika, upande ule ambao hapakuwa na ardhi. Mwezi Mei meli ya utafiti ya Ufaransa, Marion Dufresne, ilikwenda kuzichukua. Sasa duara zilikatana vizuri. Matetemeko mengi yalikuwa kilomita 20 hadi 50 chini. Hayo ni ya chini kupita kiasi kwa matetemeko ya volkeno, ambayo mara nyingi huwa karibu na juu.

Meli hiyo ilifanya na kazi nyingine. Ilituma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake, kama mtu anayepiga kelele akielekea mlimani Uluguru na kujibiwa. Mwangwi ukichelewa, pana kina. Ukiwahi, kuna kitu kimeinuka. Kwa njia hiyo walichora ramani ya chini ya bahari. Wakailinganisha na ramani ya mwaka 2014. Mwaka 2014 mahali pale palikuwa sakafu ya bahari, hakuna kitu. Mwaka 2019 palikuwa na mlima.

Mlima huo uko kilomita kama 50 mashariki ya Mayotte. Unasimama juu ya sakafu iliyo mita kama 3,500 chini ya maji, na urefu wake ni mita 800 na zaidi. Mawe yaliyomwagika yalikuwa kilomita tano za ujazo. Kilomita moja ya ujazo ni sanduku lenye urefu wa kilomita moja, upana wa kilomita moja, na kimo cha kilomita moja. Jaza masanduku matano ya namna hiyo. Yote yalimwagika kwa muda usiofika mwaka mmoja, na hakuna mvuvi aliyeona hata moshi, kwa ajili ya uzito na wingi wa maji yaliyokuwa juu yake. Kilele bado kiko mbali sana chini ya mtumbwi wowote.

Baadaye mlima ulipewa jina la lugha ya wenyeji, Fani Maoré, maana yake volkeno ya Maore. Tunaona ni vizuri hivyo. Mtoto huitwa na wazazi wake.

Basi, habari yote ikakaa sawa. Kulikuwa na hazina ya mawe ya moto chini sana ya bahari, karibu na kisiwa. Mwezi Mei 2018 ilifungua njia, ikapasua mwamba kuelekea juu na kuelekea mashariki. Kupasuka huko ndiko kulikoleta yale matetemeko ya mwanzo. Baada ya majuma kadhaa njia ilifika sakafuni kwa bahari, moto ukamwagika. Hazina ilipopungua, kisiwa kikabonyea, na miamba iliyokuwa imeegemea hazina ikaendelea kuvunjika. Tangu mwanzoni mwa mwaka 2021 moto mpya haujaonekana ukitoka pale. Matetemeko madogo bado yapo, na wataalamu bado wanalinda zamu.

HAYA, NA KISAKI JE?

Tumrudie mpita njia wetu. Alisema: maji moto maana yake volkeno.

Chimba kisima kirefu popote Tanzania, kirefu kuliko kisima chochote ulichopata kukiona. Kadiri unavyokwenda chini ndivyo joto linavyoongezeka. Katika ardhi ya kawaida, kila kilomita moja ya kwenda chini joto huongezeka kama nyuzi 25 au 30. Hakuna haja ya volkeno. Hiyo ni tabia ya dunia yenyewe. Sasa, ardhi ikiwa na ufa mrefu, maji ya mvua huingia, hushuka polepole hadi chini sana, hupashwa moto, kisha hupanda tena kwa ufa mwingine. Yakipanda upesi hufika juu yakiwa bado moto. Mvua inayonyesha milimani hapa Uluguru haiishii yote mitoni.

Kisaki ipo mahali penye nyufa za namna hiyo. Milima ya Uluguru ni ya mawe ya kale sana, na chini yake, upande wetu wa kusini, ardhi imeshuka na kujaa matabaka ya mchanga na mawe laini ya baadaye. Mipaka baina ya mawe ya mlimani na mawe ya bondeni ni mahali pa nyufa. Hapa hakuna mlima wa volkeno. Milima ya volkeno ya Tanzania inajulikana: Ol Doinyo Lengai uliomwaga moto na majivu mwaka 2007 na 2008, Meru, Kilimanjaro, na ile ya Rungwe huko Mbeya. Hakuna hata mmoja ulio Morogoro. Chemchemi za maji moto zipo sehemu nyingi za nchi, na wataalamu wa serikali wanazichunguza baadhi yake kwa ajili ya kupata umeme wa jotoardhi. Hilo ndilo linalowaleta watu wenye vyombo. Hawaji kuamsha zimwi.

Na tungeonaje kama mambo yangekuwa kama ya Mayotte? Kwanza, nchi ingetikisika mara nyingi, majuma na miezi, siyo mara moja na kutulia. Pili, ardhi ingevimba au kubonyea, na vyombo vingeonyesha. Hakuna dalili ya namna hiyo iliyotangazwa Kisaki. Tena hakuna mtu duniani, awe profesa au mganga, anayeweza kutaja tarehe ya tetemeko. Akikutajia tarehe, mtazame mfukoni anataka nini.

Lakini tusidanganyane kwa upande wa pili. Kusema hapa hakuna volkeno si kusema hapa hapawezi kutikisika. Mzee wetu aliuliza hilo pia: "Kumbe tetemeko na volkeno si kitu kimoja?" La, si kimoja. Afrika ya Mashariki inapasuka taratibu. Upande wa mashariki unajitenga na bara lililobaki, kwa milimita chache kila mwaka, polepole kuliko kucha zinavyokua. Bonde la Ufa ndiyo alama yake. Mwamba hukaza, hukaza, kisha huachia ghafla, kama fimbo mbichi unayoikunja. Hapo nchi hutetemeka bila moto wowote.

Bukoba ilikuwa hivyo. Tarehe 10 Septemba, 2016, saa 9:27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Zaidi ya watu 15 walikufa, mamia waliumia, na nyumba nyingi zilianguka. Angalieni: ni ukubwa ule ule wa tetemeko kubwa la Mayotte. Hakukuwa na volkeno. Na tarehe 12 Agosti, 2020, saa 2:13 usiku, tetemeko la ukubwa wa 6.0 lilitokea baharini, kusini-mashariki ya Dar es Salaam, upande wa Mafia. Liliwatoa watu nje Dar es Salaam, likasikika Zanzibar, Mombasa na hata Nairobi. Lilikuwa kubwa kidogo kuliko la Bukoba. Lakini lilikuwa baharini, mbali na nyumba. Duara za kamba zilikatana majini, na hiyo ndiyo bahati yetu.

Kwa hiyo kujua chanzo si jambo la wasomi peke yao. Tetemeko la volkeno na tetemeko la ufa yanatikisa nyumba sawasawa, ila yanayofuata hayafanani. Moja linaweza kuendelea mwaka mzima. Jingine mara nyingi hutulia, likifuatwa na mitikisiko midogo kwa siku kadhaa.

NYUMBA ZETU

Kinachoua katika tetemeko ni ukuta. Ardhi yenyewe haimli mtu. Kule Bukoba nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali yaliyounganishwa kwa udongo, bila kitu cha kuzifunga. Nyumba ya miti na fito iliyokandikwa udongo, ambayo vijana siku hizi wanaiona haya, huyumba na kupasuka udongo, lakini miti imeshikana. Ukuta mrefu wa tofali usio na lenta huanguka mzima mzima. Mwenye kujenga kwa tofali amwambie fundi azungushe lenta nyumba nzima, si juu ya milango tu, na pembe za kuta zishikane kwa kupishanisha tofali. Bati lifungwe imara, na mawe ya kushikilia bati yaondolewe juu ya dari. Tumehesabu nyumba tisa zenye mawe juu ya bati katika njia moja tu ya kuelekea stesheni.

Nchi ikitikisika ukiwa karibu na mlango wa nyumba yako ya chini, toka nje upesi, ukae mbali na kuta na miti mikubwa. Ukiwa mbali na mlango, jikunje chini ya meza imara au kando ya kitanda, ufunike kichwa. Jikoni, zima moto kwanza ukipata nafasi. Baada ya kutulia usirudi ndani ya nyumba yenye ufa mpya mpaka umeitazama kwa mchana, maana mitikisiko ya baadaye humalizia kazi.

Bibi mmoja alituambia kuwa utotoni, pwani, alifundishwa kwamba dunia imebebwa na ng'ombe juu ya pembe yake, na ng'ombe akichoka huihamishia pembe ya pili. Akauliza kama ng'ombe huyo sasa tumemwua. Tulimjibu kuwa hatujamwua, tumemfunga kamba tatu tu ili tujue amesimama wapi.

Darasa lolote litakalofanya zoezi la vijiti na lituandikie duara zake zilikatana wapi. Zikikataa kukatana, pimeni tena kamba ya Morogoro. Ndiyo iliyotushinda sisi mara ya kwanza, maana fundo lilikula sentimita nane.